Fundi Anajibu: Hilux ya zamani, mlima wa Karatu na moshi mweusi

SWALI

Fundi, shikamoo. Nabeba vitunguu kutoka Mang'ola kuleta soko la Kilombero hapo Arusha. Gari langu ni Hilux ya mwaka 1994, dizeli, injini 3L, ina foo wili. Siku hizi imekuwa nzito sana. Nikitoka Mang'ola na magunia kumi na mawili ya lumbesa, kupanda kuja Karatu naishia gia ya pili, na nyuma natoa moshi mweusi mpaka bodaboda wanasimama kunipisha. Zamani lita moja ilinifikisha kilomita 10, sasa 7 kwa shida. Tairi nimebadilisha, nimefunga 265/75R16 badala ya 205R16 zilizokuja na gari. Fundi mmoja ameniambia atafungua pampu aongeze dizeli. Mwingine anataka anifungie tabo ya mtumba, kile kifaa cha kusukumia hewa kwenye injini. Nguvu naitaka, lakini hela ya dizeli zaidi sina. Je, vyote viwili vinawezekana?
Msomaji, Karatu

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Vinawezekana, na nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu magari yenye shida kama yako naletewa sana hapa gerejini Unga Limited, na mengi yanakuja baada ya mwenyewe kumaliza hela mahali pasipohusika.

Moshi mweusi unaouona kwenye kioo ni dizeli uliyoilipia kituoni, ikaingia kwenye silinda, ikakosa hewa ya kuiunguza. Nguvu unayoitafuta ndiyo hiyo, inatokea ekzosi. Ukiweza kuiunguza yote, gari litavuta zaidi na litakula kidogo kwa safari ileile. Kwa hiyo kabla hujanunua nguvu mpya, turudishe kwanza ile iliyopotea. Na mtu asiguse pampu kuongeza dizeli.

Nikueleze sababu. Injini yako haina tabo, inavuta hewa yenyewe kama ilivyo angani. Mang'ola ni mita 1,000 na kidogo kutoka usawa wa bahari, Karatu ni kama 1,500, Arusha mjini ni kama 1,400. Kwenye mita 1,400 hewa ni nyepesi kwa asilimia 13 hivi kuliko ya Tanga au Dar es Salaam. Ukifika ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mita 2,300 hivi, umeshapoteza sehemu moja kati ya tano. Injini isiyo na tabo inapungukiwa nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. 3L ikiwa mpya, pwani, ina nguvu za farasi kama 90. Huku kwetu, hata ikiwa nzima kabisa, unaendesha farasi 78 tu.

Pampu, isipokuwa zile zilizofungwa kifaa cha kufidia mwinuko, haijui kwamba gari limepanda mlima. Inapeleka dizeli ileile ya pwani kwenye hewa iliyopungua. Ukiongeza dizeli hapo ni sawa na kuzidisha kuni kwenye jiko lisilo na pumzi: moshi unajaa, sufuria haichemki. Tena joto la ekzosi linapanda, na joto hilo ndilo linalopasua hedi na kula vichwa vya pistoni. Mimi mara nyingi hufanya kinyume. Pampu iliyosetiwa kwa ajili ya pwani naipunguza kidogo, kwa kipimo, mpaka moshi ubaki kivuli tu wakati injini imezama kwenye mzigo. Wenye magari huwa wanaogopa kwamba nguvu itashuka. Haishuki kiasi cha kuisikia, kwa kuwa dizeli ile ya ziada ilikuwa haifanyi kazi yoyote. Angalia skrubu iliyoko nyuma ya pampu. Kama lakiri imekatwa na nati yake ina makovu ya spana, ujue pampu yako ilishaongezwa na mtu kabla hujainunua.

Sasa tufuate hewa yenyewe. Fungua kasha la filta mwenyewe, usimwachie dereva. Ichukue filta uingize balbu ndani yake, uangalie kwa nje: mwanga usipopenya, nunua nyingine. Ukiipuliza kwa kompresa, puliza kutoka ndani kwenda nje, na bomba usilisogeze karibu, maana upepo mkali unatoboa karatasi, na tundu usiloliona ndilo linalopitisha vumbi. Halafu ushike ule mpira unaotoka kwenye kasha kwenda kwenye injini, uukunje kwa mikono miwili juani. Mpira ukiwa umetulia ufa unajificha kwenye mikunjo. Ukiukunja unafunguka, na pembeni yake utaona mstari wa vumbi lililoingilia hapo. Chukua kitambaa cheupe ukipitishe ndani ya mpira, upande ule ambao hewa imeshachujwa. Kikitoka safi, shukuru. Kikitoka na vumbi laini la barabara ya Mang'ola, basi injini yako imekuwa ikimeza mchanga, na jambo la pili ni kupima kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, kabla hujatoa hela nyingine yoyote.

Hili la kompresheni watu wanaliruka na linaniuma. Mtu ananunua nozo mpya nne, zile zinazopulizia dizeli kwenye silinda, anaseti pampu, gari linabaki vilevile kwa sababu ringi za pistoni zimekwisha. Kompresheni ya dizeli inapimwa kupitia matundu ya plagi za kupasha joto, kwa geji ya dizeli. Ile ya petroli haifiki huko. Injini hii ikiwa mpya hupita bar 30. Ikishuka chini ya bar 20, au silinda moja ikipishana na nyingine kwa zaidi ya bar 5, usihangaike na mengine, injini inahitaji kufunguliwa. Ikiwa juu ya hapo na silinda zinalingana, furahi, maana yaliyobaki ni kazi za kawaida.

Nozo zote nne zifunguliwe, zipelekwe kwa fundi pampu mwenye mashine ya kupimia, na wewe uwepo. Naomba sana uwepo, kwa sababu ukishaona kwa macho yako hakuna atakayekudanganya tena. Fundi anafunga nozo moja kwenye mashine na kuvuta mpini taratibu. Mshale wa geji unapanda. Nozo nzima inabaki kavu kabisa mpaka presha iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini, kisha inafunguka kwa mkwaruzo mkavu wa haraka na kutoa ukungu mwembamba ulionyooka, halafu ncha inakauka tena. Nozo iliyochoka haina mkwaruzo. Mshale ukiwa bado katikati utaona ncha inaanza kung'aa, tone linajikusanya, linaning'inia, linadondoka. Nyingine inarusha mchirizi pembeni. Tone hilo moja, mara zaidi ya elfu moja kila dakika, ndilo moshi wako. Usipeleke mkono mbele ya nozo inapopigwa, hata kwa kujaribu: dizeli ya presha ile inapenya ngozi na kuingia mwilini, na watu wamekatwa vidole kwa ajili hiyo. Nozo zikirudishwa, washa zake za shaba ziwe mpya.

Wakati huohuo badilisha filta ya dizeli na ufungue koki ya chini yake umwage maji. Wanaonunua dizeli ya madumu wafanye hivyo mara kwa mara. Pampu ya gari lako inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili nyingine. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa inaikausha, na juu ya hayo kila lita inakuwa na nguvu pungufu.

Kisha taimingi, yaani ule wakati ambao pampu inapiga dizeli kwenye silinda. 3L inatumia mkanda, na mkanda hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ndiyo maana Toyota waliweka ile taa ya T-BELT kwenye dashibodi. Kama taa hiyo imetolewa balbu na hakuna anayejua mkanda ulibadilishwa lini, ubadilishe sasa, kwa sababu ukikatika valvu zinagonga pistoni. Ukishafungwa mkanda mpya, taimingi ya pampu ipimwe kwa saa ya kipimo inayofungwa nyuma ya pampu, silinda namba moja ikiwa juu. Mafundi wengi wanasikiliza kwa sikio, wanazungusha pampu mpaka igonge kwa sauti, wanasema sasa ina nguvu. Ikiwahi kupita kiasi inagonga na kuumiza injini, ikichelewa inatoa moshi mweupe, inapata joto na kunywa mafuta. Tofauti kati ya sawa na si sawa ni ndogo mno kwa sikio la mtu, langu pia.

Tapeti za 3L, yaani nafasi za valvu, nazo husahaulika kwa sababu hazina skrubu, zinasetiwa kwa kubadilisha shimu, vile visahani vyembamba vya chuma, na kazi hiyo inataka subira na mikromita. Mwambie fundi apime injini ikiwa baridi. Valvu isiyofunga vizuri inavujisha kompresheni uliyoipima.

Halafu themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Naomba mnisikilize wote mnaosoma hapa, mwenye pikapu na asiye nayo. Gari likichemka mara moja tu, fundi wa kwanza anatoa themostati na kuitupa, anasema "huku kwetu kuna joto, haihitajiki". Injini ya dizeli imeundwa ifanye kazi ikiwa na joto la nyuzi 80 na kuendelea. Bila themostati, asubuhi ya Julai pale Karatu, unakwenda kilomita nyingi sindano ya joto haijafika katikati. Silinda ikiwa ya baridi dizeli haiungui yote, oili inabaki nzito, kuta za silinda zinalika. Unalipia baridi hiyo kila siku. Kama gari linachemka, tatizo liko kwenye rejeta iliyoziba, feni iliyolegea, pampu ya maji au gasketi ya hedi. Litafutwe hilo. Fungua kasha la themostati uangalie kama ipo. Kama haipo, hapo hapo umepata sehemu ya zile kilomita zako tatu.

Ekzosi iliyobonyea kwa mawe inabana pumzi. Lala chini ya gari uitazame.

Sasa tuondoke kwenye injini, kwa sababu nguvu nyingine inaliwa na magurudumu. Inua kila tairi kwa jeki uizungushe kwa mkono. Isipozunguka kirahisi, breki inabana au beringi imekazwa kupita kiasi. Kwenye gari la mizigo mara nyingi ni ngoma za nyuma au kebo ya breki ya mkono. Habu za mbele, zile unazofunga kwa kuzungusha, ukitoka Karatu kwenye lami zifungue. Zikibaki zimefungwa, mashafti ya mbele na difu vinazunguka bure hadi Arusha.

Na tairi zako, mdogo wangu. 265/75R16 ni ndefu kuliko 205R16 kwa karibu asilimia 8. Maana yake kila gia uliyo nayo imekuwa ndefu kwa asilimia 8: gia ya tatu iliyokuwa inapanda mlima haipandi tena, unashuka ya pili. Tena ni nzito na pana. Kuna jambo lingine pia: spidomita haijui kwamba umebadilisha tairi, inahesabu kilomita pungufu. Kwa hiyo zile kilomita 7 kwa lita huenda kwa kweli ni 7 na nusu. Rudisha saizi ya kwanza zitakapokwisha hizi, au uziuze sasa wakati bado zina meno. Kwa kazi ya kubeba vitunguu hakuna mabadiliko yatakayokupa nguvu ya mlimani kwa haraka kama haya. Upepo wa tairi za nyuma uwe wa mzigo, kama ilivyoandikwa mlangoni au kwenye kitabu.

Magunia kumi na mawili ya lumbesa sitalipita kimya. Hilux hii ilitengenezwa kubeba kama tani moja. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, na lumbesa linazidi, kila mtu sokoni anajua. Umepita tani hata kabla hujapanda wewe na mwenye mzigo. Beba nane ya kawaida, ufike mapema, breki zikutoshe kwenye ule mteremko wa kushuka Mto wa Mbu. Mzigo mrefu juu ya chuma za bodi nao unakamata upepo. Kutoka Makuyuni kuja Kisongo barabara inakushawishi kukimbia, lakini upepo wa kilomita 100 kwa saa unasukuma gari kwa zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa kilomita 80. Nenda 80.

Mlimani usisubiri injini ilie ndipo ushushe gia. 3L inavuta vizuri kuliko kote kwenye mizunguko ya 2,400 hivi kwa dakika. Ukikomaa na gia ya tatu huku umekanyaga mafuta hadi chini, unatoa moshi na hupati mwendo. Shusha ya pili mapema, uachie mguu kidogo, sikiliza injini ikitulia. Utashangaa kuona moshi unakatika wakati mwendo ni uleule.

Umeuliza kuhusu tabo, na mimi sipingi tabo. Tena kwa sehemu zetu ni kifaa cha maana sana: presha ya hewa Arusha imepungua kwa kama bar 0.15 tu kulinganisha na baharini, kwa hiyo tabo inayosukuma kiasi hicho kidogo inakurudishia Tanga nzima ndani ya silinda. Ninachopinga ni tabo ya mtumba iliyofungwa kwa kulehemu manifoldi, ikapewa oili kwa mpira wa kuokoteza, na pampu ikaongezwa dizeli kwa kukisia. 3L inagandamiza hewa mara 22, haikutengenezwa kwa ajili ya tabo. Ukitaka kuifunga, presha iwe ndogo, isizidi nusu bar. Pampu iwe ya aina inayosoma presha ya tabo na kuongeza dizeli kwa kiasi chake. Iwepo geji ya joto la ekzosi mbele ya dereva. Rejeta iwe nzima, oili ibadilishwe mapema zaidi. Gharama hiyo yote, kwa anayeanza na nozo zinazodondosha na tairi ndefu, mimi siishauri. Tengeneza haya niliyoyataja kwanza. Baada ya hapo ukiona bado unataka tabo, njoo tuzungumze.

Usinunue sumaku za kufunga kwenye bomba la dizeli, wala vile vipangaboi vya kuzungusha hewa. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limechunguza vifaa zaidi ya 100 vya namna hii vinavyodai kupunguza mafuta, na vilivyosaidia vilikuwa vichache sana, navyo kwa kiasi kidogo. Filta za koni zinazokaa wazi chini ya boneti nazo uziache. Zinavuta hewa ya moto, na kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hewa inapungua uzito kwa asilimia 3 hivi. Bomba la kuvutia hewa kutoka nje, lile la Toyota wenyewe, lirudishe kama lilitolewa.

Fanya jambo moja, pima, ndipo ufanye lingine. Jaza tanki hadi shingoni kwenye kituo kilekile, andika kilomita, fanya safari yako ya Kilombero na mzigo uleule, jaza tena, gawanya. Mwandikie mhariri namba zako, nitazisoma kwa furaha.

SWALI

Habari za kazi, Fundi. Mimi ni mama, nakusanya maziwa Sanya Juu na kuyaleta Moshi mjini alfajiri. Nina Hilux ndogo ya petroli, ya mwaka 1990, injini 2Y yenye kabureta. Inanuka petroli, plagi zinakuwa nyeusi, na kupanda kurudi Sanya Juu haina nguvu kabisa ingawa madumu ni matupu. Wananiambia nibadilishe kabureta nzima.
Mama wa maziwa, Moshi

JIBU

Nzuri, mama, na pole kwa safari za alfajiri. Usibadilishe kabureta bado.

Kabureta nayo ina ugonjwa wa mwinuko. Moshi mjini uko chini kuliko Arusha, kama mita 900, lakini ukipanda Sanya Juu hewa inazidi kupungua na kabureta inaendelea kumimina petroli kama iko chini. Plagi nyeusi zenye masizi makavu ndizo ushahidi. Plagi ya injini iliyo sawa inakuwa na rangi ya kahawia iliyofifia.

Anza na choki. Injini ikiwa imeshapata joto, mwambie fundi atoe kifuniko cha filta, atazame kile kibati cha juu ya kabureta. Kinatakiwa kisimame wima, wazi kabisa. Kikiwa kimelala hata kidogo, unaendesha na choki siku nzima, na kebo iliyokaza ndiyo inayosababisha hivyo mara nyingi. Baada ya hapo kipimwe kiwango cha floti, kile kiboya cha ndani ya kabureta, na ile sindano yake, maana petroli ikipanda juu ya alama inafurika yenyewe. Filta ya hewa umeshasoma hapo juu.

Kuna kitu kimoja kidogo ambacho mafundi wa haraka hawakigusi, na kwa gari lako nakiona kina nafasi kubwa. Pembeni ya distribyuta kuna kisahani chenye bomba jembamba la mpira linalotoka kwenye kabureta. Kazi yake ni kuwahisha cheche wakati gari linakwenda kwa mguu mwepesi, na hapo ndipo petroli inapookolewa. Ndani yake kuna ngozi ya mpira, na kwa gari la umri huu huwa imeshachanika. Kuipima ni dakika chache: fungua kifuniko cha distribyuta, chomoa ule mpira upande wa kabureta, uvute hewa kwa mdomo. Sahani ya ndani lazima isogee na ibaki hapo mradi hujaachia. Ukivuta na hewa inakuja tu bila kikomo, ngozi imechanika. Kinabadilishwa kisahani peke yake.

Hayo yakishakuwa sawa, taimingi ya cheche inaweza kusogezwa mbele kwa digrii 2 au 3 kuliko ya kitabu, kwa sababu kwenye hewa nyepesi injini haigongi upesi. Ipande mlima wa Sanya Juu na fundi akiwa kando yako. Ikigonga kwa sauti ya kokoto, airudishe. Kama baada ya yote haya plagi bado ni nyeusi, hapo ndipo jeti kuu, kile kitundu cha kupitishia petroli, ibadilishwe kwa ndogo yake, na ile ya zamani uitunze.

SWALI

Fundi, shikamoo. Nina Hilux ya 3L, kompresheni imekwisha, nimeshapima. Nifanye ovaholi, niweke 5L, au niruke hadi 1KZ yenye tabo? Nataka gari livute lakini lisinifilisi.
Kijana wa Sakina, Arusha

JIBU

Marahaba, kijana wangu. Kama ni mimi, 5L. Ni ndugu wa 3L, ukubwa wake ni sentimita za ujazo 2,986 dhidi ya 2,779, na inakaa kwenye gari lako na kushikana na giaboksi yako bila kukata chuma. Farasi zinazoongezeka si nyingi, lakini mvuto wa chini unausikia siku ya kwanza, na kwa kuwa hutaikamua kama ulivyokuwa unaikamua 3L, dizeli inabaki palepale. Kama huwezi kupata 5L nzima, ovaholi ya 3L iliyofanywa kwa vipimo ni bora kuliko injini ya mtumba usiyoijua.

1KZ ni injini nzuri na ina farasi 125 na zaidi. Ile ya 1KZ-TE pampu yake inaongozwa na kompyuta, kwa hiyo unahitaji nyaya zake zote, kompyuta yake, rejeta kubwa, na kichwa cha fundi anayeielewa. Klachi, breki na difu za gari lako zilipangiwa injini dhaifu. Ukijumlisha yote hayo, hesabu ya kutofilisika inakuwa ngumu.

Injini yoyote ya mtumba idai iwashwe ikiwa baridi mbele yako. Fungua kifuniko cha oili ikiwa inaunguruma: upepo mwingi ukikupiga usoni kwa mapigo, ringi zimekwisha, ondoka. Itake ipimwe kompresheni. Namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku isafishe kwa brashi ya waya uisome mwenyewe, uilinganishe na karatasi za uingizaji kabla hujalipa, kwa sababu kadi ya gari lako ina namba ya injini ya zamani na lazima uipeleke TRA ibadilishwe. Bima nayo wape taarifa, usije ukapata ajali na injini isiyojulikana na mtu.